Vitabu Vilivyopimwa kwa Mvua ya Ahero

Katika lugha ya Wajaluo, neno "ahero" maana yake ni "napenda". Basi kila nifikapo katika mji huo mdogo, pale barabara itokayo Kisumu inapogawanyika, mkono mmoja ukaelekea Kericho na mwingine Kisii, mimi hucheka peke yangu. Kwani ni mji gani mwingine unaompokea mgeni kwa kumwambia "napenda", kabla hata hajauuliza wapenda nini?

Swali hilo la kupenda mimi huulizwa sana. Mtu akishajua kuwa wewe ni mtunzi wa mashairi na mwandishi wa gazeti, hakuulizi bei ya nazi. Hukuuliza: "Ustadh, katika vitabu vyote ulivyovisoma, kipi kizuri?" Nami kwa miaka mingi nimekuwa nikikohoa kidogo, nikainua kidevu, nikataja majina makubwa: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona, Shaaban Robert. Majina hayo hayana wa kuyapinga, na muulizaji huondoka akiamini kwamba amezungumza na bahari ya elimu.

Msomaji mpenzi, leo nataka kuungama. Majibu hayo hayakuwa uongo, lakini hayakuwa kweli yote. Kweli yote niliijua Ahero, katika siku tano za mvua, mbele ya mahakimu wanne na kandili moja.

SANDUKU LA KWANZA

Binti yangu ameolewa huko. Mumewe ni kijana wa Kijaluo, Mwislamu, fundi wa pampu za maji katika mashamba ya mpunga. Siku binti yangu alipoondoka Mombasa nilimpa sanduku la bati lililojaa vitabu, nikamwambia kwa sauti ya kiume kwamba hiyo ndiyo mali ya baba yake. Mama yake naye akampa sufuria tatu, mbuzi ya kukunia nazi, na kitabu cha mapishi kilichochakaa jalada. Nikamcheka mama yake. Nikamwambia, "Mwenzio ampa elimu, wewe wampa mafuta ya kupikia?" Hakunijibu. Wanawake wetu wana subira. Hungoja mpaka Mungu awajibie.

Mwaka 2024 mto Nyando ulifurika, na nchi ya Kano ni tambarare kama mkeka, maji yakishatoka mtoni hayana pa kuzuiliwa. Yaliingia nyumbani usiku. Binti yangu alimbeba mwanawe, mumewe akabeba Msahafu na bahasha ya vyeti, wakatoka. Sanduku langu halikubebwa na mtu. Maji yalipopungua likafunguliwa, na vitabu vilikuwa vimegandana kama mikate ya mofa iliyoangukia mchuzini. Malenga, manasihi, wapelelezi na wafungwa wa siasa, wote kitu kimoja.

Kitabu kimoja tu kilipona, nacho ni kile cha mapishi. Makao yake yalikuwa rafu ya juu jikoni, kati ya kopo la chumvi na bizari ya pilau, na maji hayakufika huko.

Binti yangu alipiga simu akaniambia, "Baba, niwie radhi, nilishika mtoto." Nikamwambia kwamba angalishika kitabu akamwacha mtoto ningalimkana mbele ya kadhi. Lakini nilipoiweka simu, jambo moja lilinikaa rohoni. Kitabu kilichookoka kiliokoka kwa sababu kilikuwa kikitumiwa kila siku, kwa hiyo kiliwekwa pahala pa karibu na mkono. Vyangu vilikuwa chini ya kitanda. Havikuuliwa na mto Nyando. Vilikuwa vimekwisha kuzikwa, mto ukaja kusoma hitima tu.

Mama yake aliposikia alisema neno moja: "Mafuta ya kupikia." Kisha akaendelea na kazi zake.

MAHAKIMU

Nilipokwenda kuwatazama, ilikuwa masika tena. Nilichukua sanduku la pili, safari hii la plastiki, lenye kifuniko cha kubana. Nilishuka Ahero mchana, na jioni mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kwetu, inayopiga kelele nusu saa kisha ikaona haya. Hii ilikuja kama mtu aliyehamia. Stima ikakatika usiku wa kwanza, na haikurudi kwa siku tano.

Nyumbani walikuwamo binti yangu, mumewe, mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 11, na baba wa mkwe wangu, ambaye sisi wa pwani twamwita kivyere. Kivyere wangu huyu ni mwalimu mstaafu, Mkristo, mzee wa kanisa lake, mtu mwenye kicheko kikubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi humwita Jaduong', kama waitwavyo wazee wa huko kwa heshima. Yeye huniita Shehe, ijapokuwa nimemwambia mara tatu kwamba mimi si shehe, ni mtu wa vina na mizani tu.

Baada ya sala ya isha na baada ya wali na ngege, kivyere alitazama sanduku langu, akasema: "Shehe, vitabu si sahani za wageni za kutazamwa kabatini. Tusomee."

Wazo hilo halikuwa geni kwangu. Chuoni tulisoma kwa sauti, wote pamoja, kila mtu na pahala pake, na mwalimu wetu alikuwa amefumba macho kama aliyelala. Lakini ukikosea irabu moja, ufito ulijua njia. Niliyosoma kwa macho nimeyasahau mengi. Niliyosoma kwa sauti ningali nayo.

Basi tukapatana. Kila usiku kitabu kimoja. Atakayesinzia asiamshwe. Usingizi wa watu ndio hukumu.

Naomba radhi kwa jambo moja kabla sijaendelea. Vitabu vya dini sikuvitia katika mizani hiyo, kwani si haki mtu kuviwekea mashindano. Nitasema tu kwamba tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Qurani Takatifu, iliyotoka mwaka 1969, ndiyo iliyonifunza kwamba Kiswahili kinaweza kubeba jambo zito bila ya kuguna. Wengi wetu tunaoandika magazetini tumeiba kwake upole wa sentensi, na hatukumlipa.

USIKU WA MTUNZI KUTAHAYARI

Usiku wa kwanza ulikuwa wa mashairi. Ningeanza na wakubwa, lakini nafsi ilinishinda. Nilitoa diwani yangu mwenyewe, kijitabu chembamba nilichokichapisha kwa fedha zangu, ambacho nakala zake nyingi zingali chini ya kitanda changu Mombasa zikingoja wapenzi. Nikasafisha koo, nikaghani.

Mjukuu wangu alilala ubeti wa tatu. Mkwe wangu, kijana mwenye adabu, alishindana na macho yake mpaka ubeti wa saba. Kivyere alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo mtu alitaka nini?" Sikuwa na jibu. Nimeitafuta maana ya shairi hilo tangu siku ile.

Kwa aibu nikaiweka diwani chini, nikachukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kabla ya kusoma nikaona heri nimweleze kivyere habari zake: kwamba Abdilatif ni kijana wa Mombasa aliyeandika mwaka 1968 waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiwa upande wa chama cha KPU cha Oginga Odinga. Kwamba alifungwa mwaka 1969, akakaa gerezani mpaka mwaka 1972. Kwamba mashairi hayo aliyatunga humo ndani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Kwamba kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Kivyere alivua miwani. Aliniuliza taratibu, "Kijana wa Mombasa alifungwa kwa ajili ya chama cha Jaramogi?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba mwaka 1969 yeye alikuwa mwanafunzi, na kwamba Oktoba ya mwaka huo, damu ilipomwagika Kisumu na KPU ikapigwa marufuku, walidhani wako peke yao. "Sikujua," alisema. "Zaidi ya miaka 50, Shehe, na sikujua." Kisha akasema: "Soma."

Nikasoma. Hakulala mtu, na aliyekuwa amelala aliamshwa na kivyere mwenyewe, akavunja sheria yetu.

Hivyo basi, maoni yangu juu ya mashairi ni haya. Shairi ni mgeni wa heshima. Haifai kumwingiza ukumbini bila ya kumjulisha kwa wenyeji. Sisi watunzi twapenda kumsukuma mlangoni amejifunika gubigubi, kisha twalaumu wenyeji kwamba hawakumkaribisha. Ama diwani yangu, nitaizungumza mwishoni.

KIKO CHA BWANA MSA

Usiku wa pili nilitoa Mzimu wa Watu wa Kale, na hapa ndipo penye toba yangu hasa. Kitabu hicho, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Ndicho kilichotuletea Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko na utulivu. Wataalamu husema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa nguo za kwetu. Nami katika vikao vya wataalamu nimekuwa nikitikisa kichwa kukubali, ilhali nyumbani nimekisoma mara nne.

Basi wallahi, sijaona kitabu kilichonyamazisha chumba kama kile. Mvua ilipiga mabati mpaka nikalazimika kusoma kwa sauti ya mwadhini, na hakuna aliyelalamika. Mbu waliingia wapendavyo. Mjukuu wangu aliuliza mara moja tu: "Babu, mbona Bwana Msa hapigi simu?" Nikamwambia kwamba mtu mwenye akili na kiko hana haja ya simu. Akatosheka.

Nilifunga kitabu pale pabaya kabisa, kama wafanyavyo wasomaji wenye roho ngumu. Asubuhi sikukiona. Nilimkuta mtoto chini ya chandarua, amejikunja, amekifikisha mwisho. Kufika saa nne nyumba nzima ilikuwa inajua nani ni nani, kwani hakuweza kuizuia siri. Alimwambia hata mama wa jirani aliyekuja kuomba moto.

Nilighadhibika kidogo, kisha nikajirudi. Mtoto wa Ahero, ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kijaluo na ya darasani Kiingereza, alikuwa amesoma hadithi nzima ya Kiswahili cha Unguja kabla ya chai, bila ya kuamrishwa na mtu. Diwani yangu haikuweza hilo. Nasaha zangu za simu kwa miaka mingi hazikuweza hilo.

Kwa hiyo, enyi wenzangu mnaodharau hadithi za upelelezi, mimi nimejitenga nanyi. Kitabu kinachoibwa ndicho kitabu.

KITABU CHA SHULE

Usiku wa tatu binti yangu aliniona natoa Siku Njema ya Ken Walibora, akasema, "Baba, hicho hapana. Hicho nilikisoma shule." Alisema kama mtu anayetajiwa dawa ya minyoo.

Nilimfahamu. Kitabu kikishaingia katika mtihani, hutolewa roho. Mwanafunzi huambiwa aandike sifa sita za mhusika na mbinu nane za lugha, naye huzikariri, huzitapika katika karatasi ya mtihani, na toka siku hiyo hataki kuisikia harufu yake. Uji ni mtamu, lakini mtu aliyelishwa kwa kijiko akiwa mgonjwa hauonei hamu. Vitabu vyetu vizuri vingi vimeuliwa kwa njia hiyo, na muuaji hupewa mshahara kila mwisho wa mwezi. Nasema haya bila ya kuwachukia walimu; kivyere wangu ni mwalimu, na ndiye aliyecheka zaidi.

Lakini nilishikilia. Siku Njema ilitoka mwaka 1996, na mwandishi wake alifariki mwaka 2020, hali angali na mengi ya kutuandikia. Inasimulia habari za Kongowea Mswahili, kijana aliyelelewa Tanga, ambaye anafunga safari ndefu ya kwenda bara ya Kenya, hadi Kitale, kumtafuta baba yake. Binti yangu alikwenda zake jikoni kuosha vyombo. Nilisoma. Baada ya kurasa kadha wa kadha sikusikia vyombo tena. Nilipoinua macho nilimwona amesimama mlangoni, kitambaa mkononi. Baadaye akakaa kwenye kigoda. Kongowea alipokuwa njiani, mbali na kwao, kwenye nchi ya baridi na watu asiowajua, binti yangu alitazama sakafu.

Sikumwambia kitu, wala yeye hakuniambia. Lakini nilikumbuka kwamba mimi nilipompa lile sanduku la kwanza nilimpa na nasaha nyingi, na sikumwuliza kama anaogopa kwenda mbali. Kulipokucha alinipikia mahamri kwa mbaazi za nazi, akasema, "Kile kitabu si kibaya. Tulikuwa hatujakisoma, tulikuwa twakifanyia mtihani."

Sina la kuongeza katika maoni hayo. Ni bora kuliko niliyokuwa nimeyatayarisha.

POMBE YA MYOMBEKERE

Usiku wa nne nilitoa kitabu kinene kuliko vyote, kile cha Aniceti Kitereza chenye jina refu kama gari la moshi: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Nilikileta kwa ajili ya kivyere, kwani Kitereza alikuwa mtu wa Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa katika ziwa hili hili la Viktoria, upande wa Tanzania. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapisha. Akakifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 akafariki. Sisi washairi tunaolalamika kwamba mhariri amekawia juma mbili, na tuinamishe vichwa.

Kisa chenyewe ni cha mume na mke wasiopata mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume, ili arudishiwe mkewe, anatakiwa apike pombe ya ndizi awapelekee wakwe. Nilisoma hayo kwa sauti ya uangalifu, mimi Mwislamu, mbele ya kivyere wangu mzee wa kanisa. Alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. "Shehe," alisema, "wewe ulitaka mahari tu. Ungeomba pombe ungenitaabisha zaidi!" Nikamwambia kwamba kwetu tungetosheka na halua.

Maoni yangu ya zamani juu ya kitabu hiki yalikuwa kwamba kina mwendo wa kobe. Mtu hawezi kula ndani yake bila ya kuelezwa chakula kilipikwaje, wala kusalimiana bila ya kutajiwa salamu zote. Usiku ule niliona kosa langu. Nilikuwa nimekisoma peke yangu, kwa macho, nikiwa na haraka. Kikisomwa kwa sauti, mbele ya mzee anayekatiza kila ukurasa kusema, "Hata sisi, hata sisi!" au "La, sisi hatufanyi hivyo," kinakuwa kikao cha wazee. Kobe yule hakuwa mzembe. Alikuwa anangoja wenziwe. Mtoto alisinzia, ni kweli, lakini alisinzia kwenye mapaja ya babu yake, naye aliendelea kunisikiliza. Hiyo nayo ni namna ya kusoma.

MWIKO

Usiku wa tano, kivyere alikuja na kitabu chake mwenyewe amekifunga katika mfuko wa nailoni. Alisema kwamba usiku wa mafuriko kitabu hicho alikiweka ndani ya kofia yake, na kofia kichwani. Kilikuwa Miaha cha Grace Ogot.

Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, wengi wamjua kwa kitabu chake cha Kiingereza, The Promised Land, cha mwaka 1966, na pia kwa kuwa alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Lakini Miaha, cha mwaka 1983, alikiandika kwa Kijaluo. Neno hilo maana yake ni bibi arusi. Ni kisa cha kale cha zama ambazo watu hawakutokwa jasho shambani, kwani jembe lilikuwa likilima lenyewe, mpaka bibi arusi mmoja akafanya alilokatazwa.

Kivyere alisoma kwa Kijaluo. Mimi sikufahamu hata neno, ila nilisikia kwamba sauti yake ilikuwa imebadilika. Yule mwalimu wa kuchekacheka hakuwapo tena. Alikuwapo kijana aliyekuwa akisimuliwa na bibi yake. Mimi nikawa mgeni kwenye kizingiti, kama walivyokuwa wao usiku wangu wa kwanza.

Ndipo mjukuu wangu alipojisogeza kwangu akaanza kunifasiria masikioni. Kiswahili chake kilikuwa cha huko bara, na kila mara nilitaka kukisahihisha, na kila mara nilijizuia, kwani nilitaka kujua bibi arusi alifanya nini. Tukafika pahala kivyere akasema "kwer", na mtoto akakwama. "Babu, ni ile kitu hairuhusiwi. Ukifanya, mambo inaharibika."

"Mwiko," nikamwambia. "Bibi arusi alivunja mwiko."

Alinitazama kwa mshangao. "Mwiko wa kusongea ugali?"

Nyumba ilianguka kicheko. Ikabidi tulete kamusi. Nilikuwa nimeileta Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na kwa kweli niliitia sandukuni kama mtu atiavyo soksi. Mtoto akatafuta kwa kandili, kidole juu ya karatasi, akapata: mwiko wa jikoni, na mwiko wa kukatazwa. Kisha hakuiacha. Alianza kututega. Aliuliza makumbi ni nini, nikajibu haraka kwamba ni maganda ya nazi. Akauliza kumvi ni nini. Mimi, malenga wa miaka 30, nikajikuna kichwa. Alisoma: ni maganda ya mpunga.

"Haya tuko nayo mengi hapa, Babu," alisema. "Hata wewe umeyakanyaga asubuhi."

Ni kweli nilikuwa nimeyakanyaga. Ahero ni nchi ya mpunga. Mradi wake wa umwagiliaji ulianza mwaka 1969. Nilikuwa nimekula wali wake siku tano, nimepita juu ya kumvi zake kwa viatu, na jina lake nikafunzwa na mtoto ambaye nilikuwa nimekuja kumfunza.

Maoni yangu juu ya kamusi ni kwamba ndicho kitabu cha mchezo kilicho bora kuliko vyote, nasi tumekifanya kuwa jaji. Mpe mtoto kamusi na wazee wawili wenye majivuno, hataomba simu usiku huo.

RAFU YA CHUMVI

Siku ya sita jua lilitoka. Mto ulikuwa umejaa lakini haukuvuka kingo zake, alhamdulillahi. Nilipokuwa nafunga mkoba nilimwuliza mjukuu wangu lile swali ambalo mimi huulizwa siku zote: katika vyote hivi, kipi kizuri? Hakukohoa wala hakuinua kidevu. Alisema: "Bwana Msa. Halafu kamusi. Halafu kile cha Jaduong', kwa sababu nilikisoma mimi." Nikamwuliza, "Na changu?" Alinionea huruma. "Hicho nitakisoma nikiwa mkubwa, Babu."

Nilikwenda jikoni kumwaga binti yangu. Hapo ndipo nilipokishika kile kitabu cha mapishi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Pembeni mwa kila ukurasa mlikuwa na maandishi ya mke wangu, kwa kalamu ya risasi: nazi moja haitoshi, huyu bwana hapendi pilipili manga, siku ya Idi zidisha. Nilikuwa nimekula kitabu hicho tangu tulipooana na sikuwa nimesoma hata mstari. Kama kuna kitabu kilichoandikwa juu yangu hapa duniani, ni hicho.

Lile sanduku la plastiki sikuliona chini ya kitanda. Binti yangu alikuwa amelifungua na kuvitoa vyote. Mkwe wangu alikuwa amepiga ubao mwingine ukutani, juu ya rafu ya chumvi, na vitabu vimepangwa hapo, mahali ambapo maji ya mwaka 2024 hayakufika na mkono wa mtoto, akipanda kigoda, unafika. Mzimu wa Watu wa Kale tayari ulikuwa na doa la mchuzi. Diwani yangu ilikuwa mwisho kabisa, imeegemezwa kopo la bizari lisianguke. Nilitaka kusema neno, nikaona nimepewa kazi, na kazi ni heshima.

Basi, msomaji mpenzi, ukinikuta barabarani usiniulize tena kipi kizuri. Niulize kipi kilisomwa jana, na kilisomewa nani. Nawe, kabla masika mengine hayajaingia, hebu inama uchungulie chini ya kitanda chako.

Wassalaam.